Akili mnemba na siri za wagonjwa: Funzo la Mushaka

RUSIZI. Katika Parokia ya Mushaka, sekta ya Rwimbogo, walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi walipitia mafundisho ya miezi sita kabla ya kuomba msamaha mbele ya waliowakosea. Mpango huo wa Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki dunia Januari 2021, uliwataka watu watazamane usoni.

Sasa washauri wa afya ya akili duniani wanatumia akili mnemba kuandika muhtasari wa mazungumzo na wagonjwa. Je, programu hizo zinaweza kuaminiwa mahali kama Rwimbogo?

Mahitaji ni makubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 20.5 ya Wanyarwanda wana tatizo la afya ya akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ni asilimia 52.2. Chombo kinachompunguzia mshauri kazi ya makaratasi kinampa nafasi ya kumsikiliza mgonjwa mwingine.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Digital Umuganda imesaidia kukusanya zaidi ya saa 2,000 za sauti za Kinyarwanda, hivyo mashine inazidi kuyatambua maneno. Lakini neno "ihahamuka", linalotaja kiwewe, hubeba picha ya mtu aliyeishiwa pumzi. Likigeuzwa kuwa "wasiwasi" kwenye muhtasari, mgonjwa ameandikiwa ugonjwa mwingine.

Kikwazo cha pili ni siri. Sheria Na. 058/2021 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzihifadhi nje ya nchi kunahitaji kibali. Mshauri anayenakili maneno ya mgonjwa kwenye programu ya bure huenda asijue yanahifadhiwa wapi. Pale ambapo manusura na aliyetoka gerezani ni majirani, sentensi moja ikivuja inaweza kubomoa maridhiano ya miaka.

Tatu, kampuni huondoka. Babyl, iliyotoa matibabu kwa simu nchini tangu 2016 na kusaini mkataba wa miaka 10 na serikali mwaka 2020, ilifunga huduma 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza kufilisika.

Mashine ipewe ratiba na rasimu za kumbukumbu, na mshauri azihakiki kabla ya kutia saini. Hukumu kuhusu uchungu wa mtu ibaki kwa yule ambaye mgonjwa atamkuta tena kituoni wiki ijayo.