Siku Ikipita, Aliyeitaja Ajibu: Ilani Kutoka Jomvu Kuu

Ndugu zetu wa Jomvu Kuu na Mikindani, wa Miritini na Changamwe, wa Kisauni na Likoni. Ninyi mnaoswali na ninyi mnaosali: zama za kutishwa kwa tarehe zimekwisha.

Zimekwishia Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka wamwone Yesu. Watoto walikuwamo, tena wengi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa ameanza zamani: shule haramu, hospitali haramu, dunia inakwisha. Kesi zikaletwa papa hapa Mombasa. Na miaka miwili baadaye, kijijini Kwa Binzaro, majembe yakarudi ardhini kufukua miili mingine. Hatuna haja ya kuthibitisha kwamba utaratibu wa kale umeanguka. Makaburi yameshasema.

Tunakataa kuambiwa kuwa ule ulikuwa wazimu wa mtu mmoja. Kanungu, Uganda, viongozi wa dhehebu, Kibwetere na Mwerinde, walitangaza kuwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Waumini wakauza walichonacho, wakakabidhi fedha. Mwaka mpya ukaingia, jua likachomoza, kuku wakawika. Watu wakaanza kudai mali zao, na siku ikasogezwa mbele. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ya watu ndani yake. Tazameni vizuri, ndugu: mauti hayakuja na siku iliyotabiriwa. Yalikuja baada yake, watu walipoanza kuuliza. Na waliuliza wakiwa peke yao, ndani ya ua wa mwenye kuulizwa, bila jirani wala shahidi.

Tunakataa vilevile ile barua. Mnaijua. Mwaka 1908 ilizagaa Lindi hata Wajerumani wakaingiwa na hofu: Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina, kaota ndoto, Kiyama ki karibu, nakili uwapelekee wengine. Leo inatufikia kwenye simu, na ukiifuta, balaa ni juu yako. Karne imepita na ushei, naye Sheikh Ahmad bado yumo katika ndoto ileile! Suratul Luqman inasema ujuzi wa Saa uko kwa Mungu. Injili ya Mathayo inasema siku ile hata malaika hawaijui. Basi huyu mwenye kipaza sauti kaipata wapi?

Tunakataa mbegu, ile sadaka ya kununua muujiza, inayopandwa kwa M-Pesa. Kenya nzima inaikumbuka ile ya shilingi 310, na hatujaona shamba.

Tunaamini kwamba kutabiri si dhambi. Mvuvi wa hori letu hutabiri kila siku. Atakuambia bamvua itaingia lini, maji mafu lini, na mizizi ya mikoko itafunikwa hadi wapi. Kahesabu mwezi, kaangalia pepo, karithi hesabu kwa babu yake. Lakini bahari humsahihisha bila huruma: akikosea, dau hulala topeni na vijana humcheka mchana kutwa, naye kesho hurudi na hesabu iliyonyooka. Tunataka kila nabii apimwe kwa kipimo hichohicho, naye avumilie kuchekwa.

Tunaamini kuwa waliosadiki si wajinga. Waliopokea maji ya Kinjikitile mwaka 1905 walikuwa na haki kamili ya kumkataa Mjerumani. Haki ilikuwa yao. Maji ndiyo hayakuzuia risasi. Mwenye njaa, mwenye mgonjwa, mwenye kijana aliyepotelea mjini, huyo hatutamdhihaki. Tutakaa naye.

Kwa hiyo harakati hii inaanza na daftari. Ni lile kubwa la wenye maduka, jalada jeusi, mgongo mwekundu, limewekwa barazani mahali pa kila mtu. Tumelipiga mistari kwa rula: nani kasema, kasema nini, itatokea lini, ameomba nini. Safu ya nne tumeifanya pana kuliko zote. Tarehe ikishapita, kesho yake tunaisoma kwa sauti baada ya alasiri, mbele ya watu, na aliyeitaja anakaribishwa kiti na kahawa ili ajibu.

Tunaamini katika kesho yake. Tunaiona: mama anampeleka mwanawe zahanati kwanza, na dua anaisoma njiani. Mzee anabaki na hati ya shamba lake, imefungwa kitambaani, chini ya godoro. Mtoto wa chuoni na mtoto wa Jumapili wanauliza "umejuaje?" na hapana anayewapiga kofi. Imamu na mchungaji wanasimama mbele ya watu na kusema "sijui", na watu wanawaheshimu zaidi kwa neno hilo. Njaa inajibiwa kwa chakula. Kifo kinakuja kwa wakati wake, bila wakala.

Ndugu, njooni na tarehe mlizopewa. Na yale mabango ya utabiri ambayo siku zake zimepita, msiyang'oe. Yaacheni kwenye nguzo za umeme mpaka jua liyachujue, na aliyeyabandika apite chini yake kila asubuhi.