Mkopo Ukiwekewa Kikomo, Karo Inahamia Nyumbani

Kama umemaliza kidato cha nne na unataka udaktari au uwakili, sikiza. Usiulize tu kama utapata mkopo. Uliza mkopo wenyewe unaishia wapi, na kuanzia hapo nani analipa.

Marekani walipitisha sheria Julai 2025. Kuanzia Julai 2026, mwanafunzi mpya wa taaluma kama udaktari au sheria hakopeshwi na serikali kuu zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Wanaoitetea wanasema vyuo hupandisha karo vikijua serikali itakopesha tu. Hoja yenyewe ni ya zamani, aliyekuwa waziri wao wa elimu, William Bennett, aliiandika gazetini mwaka 1987. Yaani funga mfereji, karo itashuka.

Inasikika poa. Lakini hebu tuijaribu hapa kwetu.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wale wa "Module II". Karo yao ilikuwa juu sana kuliko ya wenzao wa serikali, na familia nyingi zililipa kwa kuuza ploti, dhahabu ya mama au kuchangisha harambee. Je, karo ilishuka kwa kukosa mkopo? Wapi! Nafasi za udaktari ni chache na foleni ni ndefu. Ukishindwa kulipa wewe, nyuma yako yuko mwenye nazo.

Kisha ukaja mfumo mpya wa Mei 2023. Kabla yake, aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka, awe anasomea udaktari au historia. Mfumo mpya ukatupanga kwa bendi 5. Bendi ya kwanza: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya tano: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40.

Piga hesabu. Tuseme kozi ni 600,000 kwa mwaka. Bendi ya kwanza, mzazi anatoa 30,000. Bendi ya tano, anatoa 240,000. Zidisha kwa miaka sita ya udaktari: 1,440,000. Anayesomea kozi ya 200,000 kwenye bendi hiyohiyo ya tano anatoa 80,000 kwa mwaka. Asilimia ni moja, lakini mmoja anasoma na mwingine anarudi nyumbani.

Na sisi wa kisiwani tuna yetu. Nyumba ya mawe Ndia Kuu, kwa macho ya mtu wa mbali, ni utajiri. Wewe unajua ni ya urithi, ina warithi kumi, na paa linavuja. Halafu mkopo wa kawaida wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mji wa Kale kuna familia ambazo deni la riba hazilitii mkononi kabisa. Kwao, kikomo cha mkopo huo ni sufuri.

Wa sheria nao wasijidanganye. Ukimaliza shahada ya miaka minne, bado kuna Kenya School of Law, na iko Karen, Nairobi, si Tudor. Hapo ongeza karo nyingine, kodi ya chumba, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili kabla hujaapishwa.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo wa bendi unakiuka Katiba, kabla Mahakama ya Rufaa kusimamisha uamuzi huo. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Ona vizuri: punguzo lilikuja baada ya kelele za wazazi, wanafunzi na kesi mahakamani. Si kwa sababu mkopo ulibanwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Anayetaka kuweka kikomo aanze na karo, ndipo aje kwenye mkopo. Na kikomo kihesabiwe kwa safari nzima, hadi siku unapopata leseni, si mwaka mmoja mmoja.

Wewe nawe, kabla hujachagua kozi, kaa na wazee muandike gharama ya kila mwaka mpaka mwisho. Bendi ikikuonea, kata rufaa mapema. Usingoje mwaka wa tatu, wakati ploti imeshauzwa na bado imebaki nusu ya safari.