Maneno ya Shahidi Yaandikwe Kama Alivyoyasema

Shahidi akisema mbele ya hakimu, maneno yanayobaki ni ya nani? Ni ya aliyeshika kalamu. Jaji wa rufani hamwoni shahidi wala hasikii sauti yake, asoma karatasi. Karatasi ikikosea, mtu aweza kufungwa kwa maneno yasiyosemwa.

Wakoloni waliijua nguvu hiyo. Katika kesi ya Kapenguria ya 1952 hadi 1953, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano waliwekewa mkalimani Louis Leakey, mtu aliyekwisha andika kitabu cha kuwapinga Mau Mau! Mawakili wao walizipinga tafsiri zake hata akaiacha kazi hiyo.

Tanganyika ilipata Uhuru 1961. Lakini kwa miaka mingi baadaye, katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Twaipongeza, lakini sheria haishiki kalamu. Hakimu hawezi kuuliza, kumtazama shahidi na kuandika kila neno kwa mkono mmoja.

Basi twadai waandishi wa mahakama waliofunzwa hati mkato ya Kiswahili, wenye mshahara wa haki. Wasemao mashine yatosha twawajibu: mashine inase sauti, lakini mtu aliyefunzwa aihakiki. Na kila shahidi asomewe maneno yake kabla hajaondoka, bila kungoja aombe.

Haki ya mnyonge imo katika karatasi ile.