Daftari na Ulimi: Nani Ataandika Nasaba za Kitengela?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa kana kwamba ukweli wake hauna mpaka: andika, nawe utakuwa salama. Lakini Kitengela na sehemu nyingine za Kajiado zinamlazimu msomi wa Kiswahili aitafakari upya. Huko daftari lipo, tena limehifadhiwa na serikali, na bado wapo watu wengi waliopotea bila habari kwa sababu majina yao hayakuwahi kuandikwa ndani yake. Makala haya yanadai kwamba kuzijenga upya nasaba za familia za mwanzo za eneo hilo ni kazi inayowahusu wanafunzi wa Kiswahili, wala si ya wanasheria na wapima ardhi peke yao.

Kwanza ni vyema kuuliza neno "mwanzo" lina maana gani. Wakaputiei, ambao ni mojawapo ya jamii za Wamaasai, walilisha mifugo katika mbuga za Kitengela kabla ya kuwako ofisi yoyote ya ardhi. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na kuwagawa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini. Mkataba wa 1911 ukawaondoa wale wa Laikipia na kuwapeleka kusini. Walipokwenda mahakamani kupinga, kesi iliyobeba jina la Ole Njogo ilitupiliwa mbali mwaka 1913. Hivyo basi, baadhi ya familia za Kajiado ni za wenyeji wa tangu hapo, na nyingine ni za watu waliohamishwa mara mbili katika muda usiotimia miaka kumi. Hati ya leo haitofautishi hao na hawa. Kwa hati, mwanzo wa kila familia ni siku ile jina lilipoandikwa.

Siku hiyo ilikuja baada ya sheria mbili za mwaka 1968, moja ya kuamua haki za ardhi na nyingine ya kuunda ranchi za vikundi. Kila ranchi ilikuwa na daftari la wanachama wake. Ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, walioandikwa katika daftari ndio waliopata vipande na hatimiliki. Orodha iliyokusudiwa kuongoza usimamizi wa malisho ya pamoja ikageuka kuwa orodha ya warithi wa nchi. Aidha, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 haikuruhusu mahakama kurekebisha usajili wa kwanza hata pale ulipopatikana kwa hila au kwa makosa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini kwa takriban nusu karne mtu wa kwanza kuandikwa alikuwa kama mhenga asiyeulizwa swali.

Anayetaka kujenga nasaba kutokana na daftari kama hilo atakumbana na matatizo ambayo mwanafunzi wa fasihi huyatambua upesi. Ndugu watatu wa baba mmoja wanaweza kuonekana kama watu watatu wasiohusiana: wa kwanza ameandikwa kwa jina la baba, wa pili kwa jina la babu, na wa tatu kwa jina la ubatizo. Kinyume chake, watu wawili wanaotumia jina moja baada ya "ole" wanaweza kudhaniwa ndugu ilhali hawana uhusiano. Karani asiyejua Kimaa aliandika alivyosikia. Herufi moja ikibadilika, mtu mmoja anakuwa wawili. Haya ni matatizo yale yale ya mhakiki anayelinganisha miswada ya utenzi mmoja iliyonakiliwa na mikono mbalimbali.

Je, sensa haiwezi kuziba pengo? Katika nchi nyingine yaweza. Marekani hufungua fomu za sensa baada ya miaka 72, na zile za 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Mwaka huo huo fomu za Uingereza na Wales za 1921 zilifunguliwa baada ya miaka 100. Kenya haina desturi hiyo. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika kwa ukamilifu ilifanywa mwaka 1948, na yale ambayo msomaji hupata katika ripoti zake ni idadi, si majina. Hata hivyo idadi zina faida yake. Kajiado ilikuwa na watu 406,054 mwaka 1999, na 1,117,840 mwaka 2019. Tarakimu hizo zinaeleza kwa nini ardhi ya Kitengela imeuzwa na kukatwakatwa kwa kasi, na kwa nini nasaba iliyokuwa mazungumzo ya jioni sasa ni ushahidi wa mahakamani. Lakini hazisemi nani alimzaa nani.

Hapo ndipo ulimi unapohitajika. Wazee wa Kimaasai wana kalenda yao, nayo ni rika. Mtu wa Ilnyangusi alitahiriwa kuanzia miaka ya 1940. Wa Iseuri alifuata kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwa baba yake anajua bila kusita rika lake, ukoo wake na boma alilojenga. Ukiyaweka maelezo hayo kando ya daftari, majina mawili yanayofanana hutengana kwa rika, na ndugu waliotenganishwa na karani hukutana tena. Ulimi nao una upungufu wake: husahau, hupendelea, na mila ya zamani ya Wamaasai ya kuepuka kutaja jina la marehemu huacha mapengo. Kwa hiyo daftari lisahihishwe na ulimi, na ulimi upimwe kwa daftari.

Pengo kubwa kuliko yote ni la wanawake. Waliosajiliwa katika ranchi aghalabu walikuwa wanaume wenye familia. Vitambulisho vya taifa navyo havikutolewa kwa wanawake hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Isitoshe, Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya kadhaa, Kajiado ikiwamo, iliachwa chini ya mila. Mjane ambaye mumewe alifariki kabla ya ranchi kugawanywa, au binti aliyebaki nyumbani kwa baba yake, hana karatasi ya kumtetea. Ushahidi wake ni watu wanaokumbuka, na watu hao ni wakongwe. Kila mmoja wao anapozikwa, kesi ya mtu fulani aliye hai hudhoofika.

Wapo watakaopinga kwamba kufufua nasaba ni kuchochea ubaguzi. Watasema Kitengela ya leo ni mji wa makabila mengi, na kwamba kuuliza nani alitangulia ni kuwaambia wengine wahame. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini ubaguzi hustawi zaidi pale ambapo kila mtu anaweza kudai lolote kwa kuwa hakuna kilichoandikwa kwa uangalifu. Nasaba iliyofanyiwa utafiti huonyesha ndoa za makabila mbalimbali, watoto waliolelewa na wasiowazaa, na wageni waliopokewa katika koo. Aliyeinunua ardhi kwa haki hana la kuogopa. Wa kuogopa ni yule aliyeuziwa na asiye mwenye mali.

Kiswahili hakiingii katika kazi hii kama mgeni. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa kufuata kizazi baada ya kizazi cha watawala wa Usambara. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kuhusu maisha ya Sameni ole Kivasis, yaani Justin Lemenye, na kwacho maisha ya Mmaasai yakapata kuhifadhiwa katika lugha ya wengi. Ni ajabu, basi, kwamba wanafunzi wanaokwenda nyanjani hurudi na vitendawili na nyimbo za harusi, huku nasaba ikiachwa kama jambo lisilo fasihi.

Idara za Kiswahili hazina budi kuipa nasaba nafasi miongoni mwa tanzu zinazokusanywa. Mwanafunzi afundishwe kusoma daftari la ardhi kama asomavyo mswada, arekodi kwa Kimaa kwanza kabla ya kutafsiri, aombe idhini ya familia nzima, wanawake wakiwamo, na aache nakala kwa wenyewe. Tasnifu itakayokaa kwenye rafu ya maktaba pekee itakuwa daftari jingine lililofungwa. Wazee wa Iseuri wamekwisha kupita umri wa miaka themanini au wanaukaribia. Kazi hii haiwezi kungojea mtaala mpya.