Nyumba Yenye Joto Wakati wa Kipupwe

Kipupwe kimekwisha kupiga hodi. Sisi wa nyanda za juu, tangu Makete na Njombe hata Mufindi, hatuna haja ya kuambiwa na redio. Alfajiri twaona sakitu nyeupe juu ya majani ya mabondeni, na watoto waenda shule mikono wameificha kwapani. Ndugu zetu wa pwani watusamehe. Kwao Julai ni mwezi wa kupunga upepo, huku kwetu ni mwezi wa kugombania blanketi.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuipamba nyumba iwe na joto, na juu ya chakula chepesi kifaacho majira haya. Lakini kabla ya mapazia na supu liko neno moja ambalo likipuuzwa, mengine yote ni bure.

Kazi ya ukarani wa parokia hunipeleka katika nyumba nyingi, na kila mwaka ifikapo Juni naona jambo lile lile. Matundu ya hewa juu ya madirisha yamezibwa kwa matambara. Chini ya mlango limesukumwa gunia. Dirisha limefungwa tangu saa kumi na moja jioni. Kisha jiko la mkaa labebwa kutoka jikoni na kuwekwa katikati ya chumba cha kulala, na wenyewe wasema, "Sasa tumepata joto."

Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, wala hauumizi macho, ndiyo maana twauamini. Lakini katika kuwaka kwake hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo haionekani wala hainukii. Hewa hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya oksijeni, hewa tunayoishi kwayo. Damu ikisha kujaa sumu haina nafasi tena ya kubeba uhai. Mtu aliyelala hashtuki. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, viungo humlegea. Naye husema, labda ni malaria, akajilaza tena pale pale. Nyumba nzima yaweza kulala isiamke, kisha majirani wakaanza kutafuta mchawi. Hakuna mchawi. Ni jiko.

Wako wanaosema kwamba sufuria ya maji juu ya jiko huondoa sumu, au kwamba yatosha kulifukia kwa majivu. La, si kweli. Jiko la mkaa, hata likibaki makaa matatu tu, halina ruhusa ya kuingia mahali watu wanapolala. Na ukikuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua milango yote, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, wala usikae humo ndani ukashangaa. Kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka, ukamwambie mganga kwamba jiko lilikuwamo chumbani.

Tufanyeje basi? Tutazame joto hupotelea wapi. Kwanza hupotea juu. Babu zetu walioezeka nyasi hawakulalamika sana, kwa maana nyasi hushika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Bati ni jembamba. Joto lote la jioni hupaa likatoka, na alfajiri matone hudondoka juu ya kitanda. Akina baba, hapa ni kazi yenu. Dari si mpaka iwe ya mbao za dukani. Mkeka imara wa mianzi iliyopasuliwa, ukifungwa vizuri chini ya kenchi za chumba cha kulala, wapunguza baridi sana, tena wapendeza macho. Huku kwetu mianzi hatuikosi. Isiwe ya kugema ulanzi tu. Ila dari hiyo isiwekwe juu ya mafiga, maana yaweza kushika moto, na matundu ya hewa yaachwe wazi kama fundi alivyoyajenga.

Baridi nyingine yatoka chini. Mama anaongeza blanketi la tatu juu ya mtoto, na kumbe mtoto aganda kwa mgongo! Chini ya godoro tandika maboksi yaliyokunjuliwa, au mkeka mzito, au nyasi kavu zilizoshonewa ndani ya gunia safi. Sakafu ya saruji nayo ifunikwe kwa mkeka pale miguu inaposhukia asubuhi. Tena blanketi mbili nyembamba zashinda moja nene, kwa sababu kati yake hubaki hewa.

Kwa wazee walio na miguu ya baridi, tofali la kuchoma ni dawa nzuri. Liweke kando ya moto jikoni tangu jioni, si juu ya ndimi za moto, kisha lifunge kwa nguo nzito, ulitie mwisho wa kitanda nusu saa kabla ya kulala. Ukilishika kupitia nguo lisikuunguze. Mtoto mchanga asilazwe nalo hata kidogo. Yeye joto lake ni mama yake.

Sasa tuje kwenye urembo wenyewe. Nyumba nyingi zaonekana za baridi kwa sababu kuta zake ni nyeusi kwa masizi. Hata picha takatifu ukutani zimegeuka kahawia. Tusisahau kwamba masizi hayo hayaishii ukutani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Basi jiko likae katika kibanda chake chenye njia ya moshi, na sebule isuguliwe na kupakwa upya. Chokaa ni bei nafuu. Lowesha ukuta kwanza, tia chumvi kidogo katika chokaa ili ishike, upake mara mbili nyembamba kuliko mara moja nzito. Asiye na chokaa achimbe udongo mweupe. Chini, kadiri ya kimo cha goti, piga ukanda wa udongo mwekundu uzunguke chumba chote. Ukanda huo huficha alama za miguu ya watoto, na rangi nyekundu hulifanya jicho lione joto.

Mapazia yafanye kazi, yasiwe ya kuning'inia tu. Kitenge kikuukuu chenye rangi ya njano au kahawia, kikishonewa blanketi lililochakaa kwa nyuma, chazuia upepo wa usiku vizuri. Lakini saa tatu asubuhi livute pembeni, jua liingie mpaka sakafuni, na dirisha lifunguliwe nyumba ipumue. Ikifika saa kumi na moja, shusha pazia. Vile vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa juu ya viti vifuliwe na kuanikwa. Kuhusu maua ya plastiki, wengi hawatapenda nikisema, lakini mimi naona yanakusanya vumbi tu; mashada ya ngano au ya ulezi uliokauka, yakifungwa uzi mwekundu, yananipendeza zaidi na hayana gharama.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni kapu la milulu kama wayafumavyo mama zetu wa Iringa. Kapu kubwa la namna hiyo likikaa pembeni mwa sebule lapendeza, na tena lapika. Usicheke, ndugu msomaji. Lijaze nyasi kavu au vipande vya blanketi pande zote, ukiacha shimo katikati kadiri ya sufuria, na ushone mto wa kulifunika. Chungu kilichokwisha kuchemka barabara, kikifunikwa humo, huendelea kuiva saa nyingi bila moto wala kuni. Kwetu jambo hili lina faida kubwa. Huku juu, kwenye mita 2,000 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 93, wala si 100 kama pwani, ndiyo sababu maharage yetu hukawia kuiva na kuni huisha.

Na hapo twafika kwenye chakula. Wakati wa baridi twapenda kujaza tumbo ugali mgumu na vitu vilivyokaangwa kwa mafuta mengi, tukidhani uzito ndio joto. Matokeo yake ni kiungulia na usingizi mbaya. Wengine husema ulanzi ndio blanketi la tumboni. Hao nao wajidanganya, maana pombe huleta damu karibu na ngozi, mtu akajiona amepata moto, kumbe joto la mwili linamtoka.

Jaribuni supu hii, yatosha watu sita. Loweka maharage nusu kilo usiku kucha, mwaga maji yale. Asubuhi yachemshe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa kamili. Hapa usifanye haraka, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Kisha funika katika kapu lako, uende shambani. Ukirudi mchana, rudisha chungu motoni, uonje; kama bado ni magumu, yaendelee mpaka yalainike. Tia viazi mviringo vitano vilivyokatwa vipande, karoti mbili, kitunguu, nyanya, na tangawizi iliyotwangwa kadiri ya kidole gumba. Viazi vikiiva, ponda baadhi yake na maharage ili supu iwe nzito. Mwisho kabisa tia majani ya maboga au figiri iliyokatwa, na chumvi. Mafuta, kijiko kimoja cha chakula chatosha. Badala ya mafuta zaidi, weka juu ya kila bakuli vipande vya parachichi. Njombe twayauza mpaka Ulaya, nyumbani twayaacha yanaanguka chini ya mti.

Kwa watoto na wazee, jioni yafaa uji wa ulezi wenye maziwa, au boga lililochemshwa na kupondwa pamoja na karanga za kusaga. Chakula hiki hulainika tumboni na mtoto hulala bila kujinyonganyonga. Supu ikibaki, isilale kapuni, maana ikipoa polepole humo huharibika. Ihamishie chombo kipana ipoe upesi, ifunikwe, na asubuhi ichemshwe tena mpaka itokote, iliwe na viazi vitamu.