Neno 'Genre' Halijawahi Kuwa Mizani

Baadhi ya wahakiki wetu wamezoea kulitumia neno la Kiingereza genre kana kwamba ni mizani ya sonara. Wanadai kuwa neno hilo huainisha tu, halihukumu. Kwamba kazi ikishatajwa kuwa ya genre fulani, hakuna lililosemwa kuhusu ubora wake. Tunayapinga madai hayo, na shahidi wetu wa kwanza ni neno lenyewe.

Kiingereza kililikopa kutoka Kifaransa katika karne ya 18. Asili yake ni Kilatini, genus, yaani ukoo, uzao au aina. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa mara ya pili kwa Kiingereza kubisha hodi katika nyumba ile ile: kufikia karne ya 14 kilikuwa kimekwisha kuchukua umbo la Kifaransa cha kale, gendre, likawa gender. Wafaransa hawakuigawa mali hii. Kwao genre ni aina ya kazi ya sanaa, ni jinsi ya nomino, na siku hizi ni jinsia pia. Jacques Derrida alipoiita insha yake ya mwaka 1980 "La loi du genre", kichwa hicho kilibeba maana zaidi ya moja; tafsiri ya Kiingereza, "The Law of Genre", ikabakiza moja tu.

Lakini hukumu iliingiaje? Iliingia kupitia uchoraji. Katika miaka ya 1660, André Félibien alizipanga picha kwa ngazi: juu kabisa visa vya historia na vya dini, chini kabisa matunda na maua. Mchoraji wa historia aliitwa kwa jina hilo la heshima. Waliobaki wakakusanywa pamoja wakaitwa wachoraji wa genre. Diderot, katika insha zake za miaka ya 1760 juu ya uchoraji, aliulalamikia mgawanyo huu, akishikilia kuwa picha za Greuze na za Vernet zilistahili kuhesabiwa za historia sawa na nyingine. Basi neno lilikuwa na kesi ya kujibu hata kabla halijazoeleka Uingereza.

Kiingereza cha leo kimeirithi dharau hiyo. Genre fiction ni riwaya za upelelezi, za mapenzi, za kubuni sayansi. Riwaya "za kifasihi" eti hazina genre. Mfano wa yule tajiri wa mjini anayeamini kuwa kabila ni la watu wa mashambani.

Yamkini tutajibiwa kuwa asili ya neno haiifungi maana yake. Hoja hii ina uzito. Nice, lililotoka pia katika Kifaransa cha kale, lilianza kwa maana ya mjinga, na leo hakuna anayetukanwa nalo. Lakini maana tunayoilalamikia haijafa. Imo katika rafu za maduka ya vitabu na katika mitaala.

Nasi je? Tuna utanzu, sitiari ya mti, ambamo tawi halilidharau tawi. Tuna hata jinsi, tuliyoipata kutoka Kiarabu, nacho kikaipata kutoka Kigiriki, genos, ndugu wa genus. Hivyo wanaohimiza tukope "jenre" wanatuletea binamu tunayekaa naye nyumbani. Ngazi, hata hivyo, imeingia kwa mlango mwingine: riwaya "dhati" na riwaya "pendwa". Tumewahi kuona pendekezo la tasnifu juu ya riwaya ya upelelezi likikataliwa kwa neno hilo moja tu, pendwa, bila ukurasa wowote wa riwaya yenyewe kutajwa.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi tangu mwanzo hadi mwisho, na wahakiki hawajaacha kuirejelea. Wanaoshikilia kuwa mizani yao haipendelei watueleze Bwana Msa wanamweka katika rafu ipi, na ni nani aliyeipanga rafu hiyo.