Wino wenye seli hai: swali la Kanisa ni seli hizo zimetoka wapi

Habari kwamba wanasayansi wanaweza "kuchapisha" viungo vya mwili wa binadamu zinafika hadi Masasi na Newala kupitia simu za mkononi, na mara nyingi zinafika zikiwa zimetiwa chumvi. Kwa familia yenye mgonjwa wa figo, habari ya namna hiyo si burudani. Inaweza kuwafanya ndugu waahirishe uamuzi mgumu wa nani atoe figo, wakingojea mashine. Inafaa basi waamini wafahamu kazi hiyo imefikia wapi.

Printa hizo husukuma wino mzito kupitia mdomo mwembamba uitwao nozeli, tabaka juu ya tabaka. Wino wenyewe ni jeli iliyochanganywa na seli hai, na ugumu unaanzia hapo mdomoni. Mdomo ukiwa mpana, umbo linalotoka ni kubwa mno kulinganisha na maumbile ya kiungo. Ukiwa mwembamba, seli hubanwa na kusuguliwa hadi nyingine zikafa. Kwa kimiminika cha kawaida kama maji, kupunguza kipenyo kwa nusu huongeza ukinzani mara 16. Tena figo haina aina moja tu ya seli, hivyo wino mmoja hautoshi.

Mwaka 2019, Mark Skylar-Scott, Jennifer Lewis na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza katika jarida la Nature nozeli ambayo ndani yake njia kadhaa hukutana karibu na ncha. Inapokea hadi aina nane za wino na kuzibadilisha hadi mara 50 kwa sekunde, na umbo la makutano limepimwa ili wino mmoja usirudi nyuma katika njia ya mwenzake. Ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini roboti ndogo yenye miguu mingi waliyoichapisha kuonyesha uwezo huo ilikuwa ya silikoni, haikuwa na seli hata moja. Sehemu hiyo ndiyo huachwa habari inaposambazwa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni damu. Wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde wataelewa upesi: mvua hunyesha Newala, lakini maji huzama chini, nayo hulazimika kusukumwa kwa pampu kutoka bonde la Kitangari. Kijiji kisichofikiwa na bomba hutaabika hata kama ardhi yake ni njema. Seli nazo hazidumu zikiwa mbali na mshipa wa damu zaidi ya milimita 0.2 hivi. Mwaka 2019 watafiti wa Tel Aviv, wakiongozwa na Tal Dvir, walichapisha moyo mdogo wenye ukubwa wa moyo wa sungura. Seli zake ziliweza kujikunja, ila moyo haukuweza kusukuma damu. Skylar-Scott, ambaye sasa yupo Stanford, anaongoza mradi uliopewa na serikali ya Marekani dola milioni 26.3 mwaka 2023, wenye lengo la kupandikiza moyo uliochapishwa ndani ya nguruwe katika miaka mitano. Ni nguruwe, wala si mgonjwa.

Mama Kanisa hana ugomvi na nozeli. Anauliza juu ya wino: seli zimetoka kwa nani? Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inakubali seli shina zinazotolewa kwa mtu mzima bila kumdhuru, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, na inakataa zile zinazopatikana kwa kuua kiinitete. Tangu Shinya Yamanaka alipoonyesha mwaka 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina, maabara nyingi zimepata njia isiyohitaji kiinitete. Si zote zinazoifuata, hivyo kila mradi uulizwe peke yake.

Wakati huo huo, mgonjwa wa leo anamtegemea ndugu. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, aliita utoaji huo tendo la upendo, akalaani biashara ya viungo na kusisitiza ridhaa ya mtoaji aliyeelezwa yote. Kwetu, sharti hili la mwisho ndilo gumu. Kijana anayeteuliwa na kikao cha ukoo kwa sababu hajaoa, au kwa sababu alisomeshwa na mgonjwa, hajaridhia bado. Anastahili kuzungumza na daktari akiwa peke yake, na kukataa bila kutengwa. Naye akikubali, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, na majuma ya kupona bila kushika jembe la mikorosho, ni gharama yake pia. Michango ya jumuiya ndogo ndogo kwa kawaida humfuata mgonjwa. Mtoaji naye ana nauli ya kulipa na shamba la kupaliliwa.